Ua Chini ya Kitambaa Chekundu

Merle Hutchens aliiona ile bunduki kabla hajamaliza kukung'uta theluji kwenye buti zake, na tangu hapo hakusikia tena neno la mtu. Rafiki yake Clete, mwenye lori, alikuwa anamsimulia jinsi lilivyokwama kwenye barafu njia nzima kutoka mtoni. Simulizi iliingia sikio la kushoto la Merle ikatokea la kulia bila kukutana na mtu yeyote humo ndani.

Bunduki ilikuwa juu ya meza ya Lavonne Kratzer, karibu na mlango wa ukumbi wa maonyesho ya bunduki. Ya Kijapani, ndefu, kitako kimechubuka, mkanda umekauka na kukunjamana kama ng'onda. Mtu mwenye akili timamu angeipita akaenda kununua soseji. Lakini pale juu ya chemba, mahali risasi inapokaa, palikuwa na ua, tena ua zima, petali zake kumi na sita zimeshikana duara kama watoto wanaocheza ukuti.

Ua lile ni la mfalme wao. Vita vilipokwisha na Wajapani wakaambiwa waweke silaha chini, walilifuta kwa tupa na mawe ya kunolea, bunduki baada ya bunduki, ili alama ya mfalme isiangukie mikononi mwa adui. Ndiyo maana nyingi zilizofika Marekani zina kovu mahali pa ua. Zenye ua zima, nyingi zilinyakuliwa vitani, mwenyewe akiwa bado hajakubali kuziachia. Chuma ni kilekile, mbao ni zilezile, na risasi hutokea upande uleule. Lakini yenye kovu mtu huitundika gereji juu ya mashine ya kukatia majani. Yenye ua mtu huitaja kwenye wosia, na watoto wakaigombania hadi wakanuniana.

Merle alikuwa na safu ya bunduki za Kijapani, moja kutoka kila kiwanda kilichozitengeneza, zote zenye ua. Kilibaki kiwanda kimoja tu, na bunduki ya kiwanda hicho ndiyo iliyokuwa imelala kwa Lavonne.

Kila Februari, wanachama wa chama cha wakusanyaji wa silaha za vita, kusini mwa Indiana, huchagua safu bora, na jina la mwenyewe huchongwa kwenye ubao wa mti wa jozi unaotundikwa juu ya jukwaa. Jina la Boyd Kratzer, mume wa Lavonne, lilikuwa limechongwa mara nyingi kiasi kwamba fundi angeweza kulichonga amefumba macho huku anakula. La Merle halikuwepo hata mara moja. Boyd alifariki vuli iliyopita. Merle alilia mazishini, na alilia kweli. Ila alilia huku anapiga hesabu.

"Habari za asubuhi, Lavonne."

"Zilikuwa nzuri," alisema Lavonne bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. "Mpaka sasa hivi."

"Ile ya Kijapani unaiuza?"

"Naiuza. Kwa mtu yeyote mwenye mikono miwili. Wewe hapana."

"Nina mikono miwili, mama."

"Una mikono miwili na ndimi mbili. Umezidisha."

Waliokuwa meza ya jirani walicheka. Merle naye alicheka, maana alikuwa mcheshi, na mcheshi hana budi kucheka akichomwa, la sivyo atahesabika mwenye jeraha.

"Miezi yote hii umekaa na chuki hiyo? Inakuzeesha."

"Boyd aliniambia, 'Lavonne, nikifa uza vyote, ila Merle Hutchens akigusa ile bunduki nitarudi.' Na mimi, Merle, nilimpenda mume wangu, lakini nimeshazoea kitanda kikubwa. Sitaki arudi."

Hapo vicheko vikawa vingi, na shingo ya Merle ikawa nyekundu. Angeweza kuondoka. Mtu mwenye bahati angeondoka. Yeye alitia mkono mfukoni akatoa lenzi, kisha akaigeuza beji yake ya shaba ikae sawa kifuani.

Beji hiyo ndiyo iliyomfanya msomaji wa alama. Chama kilikuwa na wasomaji wawili tu, Boyd na Merle, na sasa kilibaki na mmoja. Msomaji ana haki ya kusoma bunduki yoyote iliyowekwa mezani, mwenyewe apende asipende. Akisema alama ni halisi, bei inapanda hapohapo. Akisema ni bandia, bunduki inalazwa kifudifudi chini ya kitambaa chekundu, na hakuna mwanachama mwenye haya atakayeisogelea. Habari zake hufika Ohio na Kentucky kabla ya mwenyewe kufika nyumbani kwake.

"Nitaisoma," alisema Merle.

Lavonne aliweka kikombe chini. "Soma. Unione nikitetemeka."

Merle aliinama. Kwenye lenzi lile ua lilimjaa jicho zima, na moyo ukampiga kama wa kijana kwenye dansi. Kila petali ilikuwa na upole wa chuma kilichozeeka pamoja na jirani zake. Rangi ilishuka hadi ndani ya mistari bila kukatika. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kuona ua halisi zaidi ya lile, na alikaa ameinama muda mrefu, kwa sababu alikuwa anatunga uongo, na uongo mzuri haupikwi kwa moto wa haraka.

"Pole, Lavonne," alisema akiinuka. "Ni bandia."

Mwanamke aliyekuwa anauza bisi aliacha kutikisa chombo chake.

"Rudia," alisema Lavonne.

"Petali ya nne imelala. Kingo ni kali mno kwa chuma cha umri huu. Na rangi ya humo ndani imepakwa juzi. Hili lilifutwa kule kwao, likapigwa upya huku kwetu na mjanja mmoja mwenye karakana."

Lavonne hakupoteza muda kulia. Alitoa rula ya chuma chini ya meza, akailaza juu ya chemba, akainua bunduki kuelekea taa. Ua likifutwa, chuma hubonyea pale lilipokuwa, na rula ikilazwa juu yake, mwanga hupenya chini. Kila mtu pale alilijua hilo. Vichwa viliinama kuangalia. Hapakuwa na mwanga hata wa kupitisha unywele.

"Haya," alisema Lavonne. "Bonde liko wapi?"

"Fundi mjuzi hulijaza kwanza kwa kuchomelea," alijibu Merle taratibu, kama daktari anayetoa habari mbaya. "Ndipo anapiga ua. Rula haimkamati mtu mwenye akili."

"Boyd aliipata kwa mzee aliyeitoa Okinawa kwa mikono yake mwenyewe!"

"Wazee wanasimulia, mama. Mzee aliyeniuzia moja yangu alidai aliogelea nayo kutoka Japani."

Mtu mmoja alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Lavonne. Orrin Dahlke, mwenyekiti wa chama, mtu mpole mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo, alikuja na kitambaa chekundu amekikunja kama anakwenda kufunika maiti. Aliilaza bunduki kifudifudi, akaifunika, akasema samahani mara mbili.

"Usiniombe samahani wewe," Lavonne alimwambia. Macho yake yalikuwa kwa Merle. "Merle. Nakuombea maisha marefu. Nataka uyaone yote."

Mchana, maharage ya pilipili yalipokuwa yanagawiwa, Merle alimvuta Clete nyuma ya vyoo akampa bahasha.

"Nenda kaninunulie. Sema ni ya kutundika baa."

"Sina baa."

"Sema una mpango."

Clete alikwenda, akakawia, akarudi na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi na uso wa mtu aliyetoka kwa mwalimu mkuu.

"Kasemaje?" aliuliza Merle.

"Kaniuliza risasi inatokea upande gani. Nikamwonyesha."

"Halafu?"

"Akasema siyo huo."

"We Clete!"

"Ulisema ninunue, hukusema nifanye mtihani! Akachukua hela bila kubishana bei. Akasema nimwambie aliyenituma aifurahie. Nikamwambia sijatumwa na mtu. Akasema, 'Basi mwambie huyo mtu ambaye hajakutuma.'"

Merle alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mwanamke aliyetukanwa asubuhi anauza kirahisi mchana. Merle hakujiuliza. Bunduki ilikuwa mikononi mwake, na mtu aliyeshika anachokitaka ni mgumu wa kusikia.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kesho yake, Jumapili, angeinuka mbele ya watu, aseme ameisoma tena nyumbani kwenye mwanga mzuri na amegundua alikosea. Binadamu hukosea. Watu wangemtania wiki moja, na ubao ungemtania milele kwa jina lake mwenyewe.

Jumapili aliwahi. Alipanga safu yake juu ya kitambaa cha kijani, kila komeo limefungwa kwa kamba ya plastiki kama sheria ya ukumbi inavyotaka, na katikati, uso juu, akaiweka mpya. Alirudi nyuma hatua mbili akaitazama, akarekebisha, akarudi tena. Aliipenda kama bibi harusi anavyopenda viatu vinavyombana.

Orrin alifika na kahawa yake. Akasimama. Akaisoma namba ya bunduki, akaisoma tena, kisha akatoka. Aliporudi alikuwa na kitambaa chekundu.

"Ngoja, ngoja, Orrin," alisema Merle. "Nilikuwa nakuja kukwambia. Nimeiangalia upya. Nilikosea."

"Ulikosea?"

"Taa za huku mbaya. Ni halisi."

Watu walianza kusogea. Kwenye maonyesho ya bunduki, mtu akiinua sauti kidogo tu, soko hukusanyika kama kuku kwenye mahindi.

"Jana kwa Lavonne ilikuwa bandia," alisema mzee mmoja mwenye kofia ya jeshi la wanamaji, "leo kwako ni halisi. Ua limechanua usiku?"

"Labda Merle analimwagilia maji," alisema mwingine.

"Nasema nilikosea! Tazameni wenyewe!" Merle alilaza rula juu ya chemba, akainua bunduki kwenye taa. "Mwanga uko wapi? Hakuna bonde!"

"Fundi mjuzi hulijaza kwanza," alisema mzee wa kofia.

"Rula haimkamati mtu mwenye akili," aliongeza mwingine kwa sauti ya daktari, na ukumbi ukalipuka.

Merle alifoka. "Basi nipeni lenzi niisome mbele yenu!"

"Huwezi," alisema Orrin kwa ile sauti yake ndogo.

"Siwezi vipi? Beji hii hapa."

"Msomaji hasomi bunduki yake mwenyewe, Merle. Unaijua kanuni. Wewe ndiye uliyeipendekeza, ulipokuwa unagombana na Boyd."

Ni kweli Merle alikuwa ameisahau kanuni ile, na alikuwa na sababu ya kuisahau. Haikuwahi kumbana. Bunduki zake zote, kila ua kwenye safu ile, zilisomwa na Boyd. Boyd alizisoma kwa chuki, akitafuta kosa kwa lenzi na kurunzi na kucha, akikunja uso, na alipokosa kosa alisema "halisi" kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Hakuna aliyewahi kulitilia shaka neno lile, kwa kuwa kila mtu alijua Boyd angelipa hata fedha apate kusema "bandia". Merle alikuwa amezika shahidi wake bora, na akala keki kwenye matanga yake.

"Kwa hiyo nani ataisoma?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Orrin. "Tamko lililopo ni lako la jana. Litabaki. Na safu yenye kitambaa chekundu haipigiwi kura. Itoe hiyo moja ukipenda, ubaki na safu yenye pengo."

Akaanza kukunjua kitambaa. Hapo Lavonne akapenya katikati ya watu, sahani ya pai ya tufaha mkononi, anakula.

"Mfunike vizuri, Orrin," alisema. "Asipate baridi."

"Ulijua," alisema Merle.

"Nilijua nini?"

"Ulijua Clete ni wangu!"

"Clete aliniambia hajatumwa na mtu. Clete ni mtu mkweli, hajui hata bunduki inashikwa wapi." Alitafuna kidogo. "Umepata ulichotaka, Merle. Mimi nimelipwa bei ya bandia kwa kitu cha bandia. Wewe ndiye uliyesema. Au hukusema?"

"Unajua na najua kwamba ni halisi!"

"Mimi sijui kitu. Mimi ni mjane tu ambaye marehemu mume wake alidanganywa na wazee. Jana wote mlicheka. Chekeni na leo basi!"

Hakuna aliyecheka. Orrin alikuwa ameshaigeuza bunduki. Ua lilikandamizwa kwenye kitambaa cha kijani, uso chini, na kile chekundu kilikuwa kinashuka juu yake, na Merle aliona kwamba kingeshuka vivyo hivyo mwaka ujao na miaka yote mpaka naye afe. Angekuwa mtu pekee duniani anayejua alichonacho. Kuna watu wanaotosheka na hilo. Merle alitaka kuonekana, tangu utotoni, hata kwa kupigwa.

"Nilidanganya!" alipiga kelele.

Kitambaa kilisimama hewani.

"Sema tena," alisema Orrin.

"Sikukosea. Nilidanganya. Petali haijalala. Kingo ni sawa. Rangi ni yake. Nilijua tangu jicho la kwanza. Nilitaka ishuke bei niinunue. Haya! Mmesikia! Tamko la uongo si tamko, kanuni ndivyo inavyosema. Toa hicho kitambaa!"

Orrin akakikunja kitambaa, akakitia kwapani. Akaigeuza bunduki kwa mikono miwili, uso juu. Ua likapata taa. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja Merle Hutchens alikuwa na safu kamili kuliko mtu yeyote katika Indiana nzima, na alitabasamu, akangoja matani yaanze. Aliyazoea matani. Alikuwa tayari hata kununulia watu kahawa.

Matani hayakuanza. Orrin alinyoosha mkono, akaifungua ile beji ya shaba kutoka kifuani pake, taratibu, asimchome na pini. Kisha akaondoka kuelekea meza yake mwenyewe. Merle alidhani amekwenda kuleta makopo ya kura. Alirudi na bunduki ya Kimarekani, ile aliyojivunia kuliko zote, yenye mihuri ya wakaguzi kwenye ubao wa kitako. Aliilaza mbele ya Merle juu ya safu yake, hakujali inakwaruza nini.

"Na hii?" aliuliza. Sauti haikuwa ndogo tena.

"Hii nini?"

"Mihuri hii. Uliisoma wewe. Niliuza trekta la baba yangu kwa neno lako. Ni halisi, au aliyeniuzia alikupa chochote useme hivyo?"

"Orrin, bwana wee, ni halisi! Naapa!"

"Unaapa kwa kinywa kipi? Cha jana au cha leo?"

Nyuma yake mzee wa kofia tayari alikuwa ameshika bastola ya Kijerumani ndani ya sanduku lake, kidole kikiwa juu ya tai aliyechorwa kwenye chuma. Nyuma ya mzee walikuwa wawili zaidi, na nyuma yao meza zilikuwa zinaachwa moja baada ya nyingine. Ilikuwa kama ukumbi mzima umekumbuka kwa pamoja kwamba nusu ya thamani iliyomo humo ilikaa kwenye ulimi wa mtu mmoja, na mtu huyo ametoka kuutoa nje na kuwaonyesha. Wanunuzi walirudisha vitu walivyoshika. Mmoja aliyekuwa anahesabu noti alizirudisha mfukoni, na muuzaji wake alimtazama Merle kwa jicho ambalo mtu humtazamia mbwa aliyekula nyama ya sherehe.

"Natoka," alisema Merle, akianza kuzoa bunduki zake. "Tutaongea kesho mkiwa mmepoa."

"Kijana wa mlangoni!" Orrin aliita. "Ule mlango wa kupakilia, funga. Merle ana kazi." Akavuta kiti cha chuma, akamsukumia magotini. "Kaa. Utasoma zote."

"Beji umeninyang'anya!"

"Ndiyo. Sasa utasoma bila beji, na hakuna atakayekuamini. Lakini utasoma."

Akakaa. Wakamletea. Aliposema halisi, mwenyewe alisema, "Mwongo, unajikosha." Aliposema bandia, mwenyewe aliipiga meza ngumi akasema, "Mwongo mkubwa, hii uliniuzia wewe!" Aliposema hana hakika, walimwambia hilo ndilo neno la uongo kuliko yote. Lenzi ilijaa ukungu wa pumzi yake. Mtu alimmwagia kahawa kwenye mkono wa shati, akasema imemponyoka. Mbele yake, kwenye kitambaa cha kijani, safu yake iliyokamilika ilikuwa imesukumwa pembeni ili kupisha silaha za watu, na hakuna aliyeitazama.

Lavonne alimaliza pai yake, akalamba uma, akarudi mezani kwake kuuza mikanda ya ngozi.

Merle aliinua kichwa kutafuta uso mmoja wa kirafiki. Aliuona, katikati ya foleni, umejificha nyuma ya kofia ya mzee: Clete, na kwapani ana kile kisu cha bunduki cha Kijerumani alichouziwa na Merle Krismasi iliyopita kwa akiba ya mke wake.

"Hata wewe, Clete?"

"Mimi nangoja zamu yangu tu," alisema Clete. "Usichoke bado."